Herufi za Harusi kwenye Kaburi la Mama

Nina duka la steshenari hapa Ifakara, na nimekaa na herufi muda mrefu hadi nazijua tabia. Zipo zenye vijiguu, zimenyooka na kukunja uso. Hizo watu huzitaka kwenye barua za kupeleka ofisini. Zipo nene za mabango ya mikutano, zimebanana utadhani zinagombania nafasi. Zipo zisizo na pambo lolote, ambazo hata aliye ng'ambo ya barabara anazisoma. Halafu kuna za kadi za harusi: zimelala ubavu, zimeshikana, kila moja ina mkia unaomzunguka jirani yake. Hizo sikuwahi kuzipenda. Tangu tumjengee mama kaburi, nazichukia.

Baba ni mkulima wa mpunga kule Mchombe, na shule hakwenda. Mama ndiye aliyemfundisha kusoma, ukubwani, kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni: herufi kubwa, zilizoachana. Mpaka leo anasoma hizo tu, polepole, kwa kidole. Mama alipofariki, baba alituomba jambo moja, jina la mama liandikwe kaburini namna ambayo yeye mwenyewe ataweza kulisoma.

Kaka yangu mkubwa alikuja kutoka Dodoma kusimamia ujenzi. Alikaa kwenye kompyuta yangu, akapekua herufi zote, akaishia kwenye zile za harusi.

"Hizi zina hadhi," akasema.

"Kaka, baba hataweza kuzisoma."

"Si tutamsomea?"

"Hakuomba kusomewa."

"Kwa hiyo unataka kaburi la mama lifanane na kibao cha mashine ya kukoboa."

Wajomba waliokuja naye dukani wakacheka. Nilibishana nao mpaka mmoja akaniambia niache kumvunjia kaka yangu heshima mbele za watu. Jiwe la kaburi likachongwa alivyotaka kaka.

Siku ya kubariki kaburi katekista alisali, tukaimba, picha zikapigwa. Kisha baba akapiga magoti mbele ya jiwe, akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza. Kidole kikafuata mkia, kikazunguka, kikatokea katikati ya herufi nyingine. Akakirudisha mwanzo. Akajaribu tena. Nilitamani kulivunja lile jiwe kwa nyundo, na mpaka sasa natamani.

Kaka akainama. "Baba, hapo ni jina la mama."

"Najua ni yeye," baba akasema. "Nimemzika mwenyewe."

Akainuka, akajikung'uta magoti, akamshukuru kaka kwa kazi nzuri, kwa adabu ileile anayowapa maofisa wanaotoka wilayani. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

Kaka anayo picha ya dakika ile kwenye simu. Huwaonyesha wageni na kuwaambia mzee alilia kwa jinsi maandishi yalivyompendeza.