Leseni ya Gitaa na Chupa ya Soda

Nikisikia mtu anasema muziki ni starehe tu, natamani nimpeleke kwenye ile kaunta ya ofisi ya leseni, katikati ya mji wa Nairobi, miaka ile ya hamsini, asimame pale niliposimama na binamu yangu, aulizwe swali tuliloulizwa. Hiyo starehe ingemtokea puani.

Mimi nilikuwa mpishi wa Wazungu huko Kitisuru. Mpishi kwa kazi, lakini kwa jina nilikuwa boi, mimi mwenye mke na watoto kule kwetu magharibi. Jumamosi mchana, nikishamaliza vyombo, nilivua kanzu, nikatwaa gitaa, nikateremka bondeni na kupanda mpaka Kangemi, kwenye hoteli ya chai ya mama mmoja mjane. Huko binamu yangu, mtoto wa shangazi yangu, alikuwa ananingoja na chupa yake ya soda na msumari. Mimi nilipiga gitaa na kuimba, yeye akagonga chupa. Na usiicheke chupa. Bila yeye gitaa langu lilikuwa likiyumba kama mlevi, yeye ndiye aliyelishika mkono. Walikuja wapishi, mayaya, watunza bustani, watu waliotumwa wiki nzima huku na huku, na kwa saa zile chache waliniita fundi. Nilipenda kuitwa hivyo kuliko mshahara wa memsabu, yule mke wa bwana wangu Mzungu, nasema kweli.

Binamu yangu alikuja Nairobi kwa kazi ya ujenzi. Jengo lilipokwisha, kibarua nacho kikaisha, akabaki na chupa. Alikuwa analala nyuma ya hoteli, anakula hapo hapo, na kile kidogo tulichopewa na wateja ndicho alichomtumia mama yake, shangazi yangu, nyumbani. Mtu akimwambia "leo mmecheza vizuri," alikasirika. "Mtoto ndiye anacheza," alisema. "Mimi napiga. Hii ni kazi yangu."

Basi Jumamosi moja wakaingia askari wawili wa jiji. Waliagiza chai, wakanywa, wakasikiliza nyimbo mbili nzima, mmoja wao akitikisa mguu. Walipomaliza vikombe ndipo wakauliza leseni. Mama wa hoteli akawaonyesha yake ukutani.

"Hiyo ni ya chai," mmoja akasema. "Ya muziki iko wapi?"

Sikujua kuna kitu kama hicho duniani. Wakabeba gitaa. Wakabeba na chupa pia, chupa tupu ya soda, eti ushahidi, na msumari wakaufunga kwenye karatasi. Tukaambiwa tuvifuate mjini.

Karani tuliyemkuta kwenye kaunta alikuwa Mwafrika mwenzetu, tai shingoni, mtu mpole. Sitamsema vibaya. Alituuliza swali moja tu: "Hii yenu ni kazi au ni mchezo?"

Nikataka kujibu, akaniinulia mkono. "Ngoja kwanza uelewe, na jibu liwe moja kwenu wote wawili. Kama ni kazi, mtalipa leseni na kodi, na wewe uliyeajiriwa utaleta barua ya mwajiri wako, kwamba amekuruhusu kazi ya pili. Kama ni mchezo, hakuna leseni. Chukueni vitu vyenu mwende, ila msipokee tena hata senti ya mtu." Kisha akamgeukia binamu yangu, akapunguza sauti. "Lakini wewe, ndugu yangu, ikiwa huu ni mchezo, kazi yako Nairobi ni ipi?"

Hakuhitaji kueleza zaidi. Ilikuwa miaka ya ile Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, na mtu asiye na kazi kwenye karatasi alikuwa anapakiwa gari la moshi kurudishwa kwao, hata kama hana kosa lolote. Karani akatupa mpaka Ijumaa tukafikirie. Nadhani alituonea huruma.

Nilirudi Kitisuru kichwa kinaniwanga. Nikisema kazi, memsabu atajua, na nikifukuzwa, watoto wangu watakula nini? Nikisema mchezo, binamu yangu anaondoka, na shangazi ana nani mwingine? Niligeuza hivi, nikageuza vile. Niliunguza uji, nikaweka chumvi kwenye chai ya bwana. Hata hasira sikujua niielekeze kwa nani. Ni nani aliyekaa mahali akaamua kwamba mtu lazima awe kitu kimoja tu?

Siku ya pili nikajipa moyo nikamwomba memsabu barua. Nilimpelekea chai barazani, nikasimama na sinia tupu mkononi, nikaeleza kila kitu kwa adabu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa kile Kiswahili chao, "Mimi hapana taka boi ya kazi mbili. Kama wewe taka piga banjo, kwenda piga banjo kabisa." Hakugomba hata kidogo, akachukua biskuti. Nikasema ndiyo memsabu. Hata lile gitaa hakujua jina lake.

Tukabaki na mama wa hoteli. Nilimwendea jioni moja, nikamsihi amwandike binamu yangu mfagiaji, kwa jina tu, apate karatasi. Yule mama alilia. Alisema tangu siku ile askari walikuwa wamerudi mara mbili kuikagua hoteli, na yeye ana watoto wa kulea, na wakimkuta ameandika uongo watamfungia mlango. "Mwanangu, usinilaumu," akaniambia. Ningemlaumu vipi? Na yeye maji yalikuwa yamemfika shingoni.

Ijumaa memsabu alinituma sokoni mjini kununua mboga. Nikapitia ofisini na kikapu changu, nikamkuta binamu yangu ameshafika, amevaa shati lake la kanisani, amelipiga pasi. Tukapanga foleni. Sijui mpaka leo ningejibu nini. Wallahi sijui. Karani alipotuita, kabla sijafungua mdomo binamu yangu akanipita, akaegemea kaunta.

"Bwana karani, tunacheza tu," akasema. "Huyu ni mpishi. Tunacheza, kama watoto."

Nikamshika mkono. Nikasema hapana, bwana karani, usiandike, ngoja. Binamu yangu akanikata jicho ambalo alikuwa hajawahi kunikata maishani. "Nyamaza," akaniambia kwa lugha ya nyumbani. "Wewe una watoto."

Karani aliandika taratibu, kisha akamtazama binamu yangu. "Na kazi yako wewe?"

"Sina."

Nikarudishiwa gitaa. Binamu yangu akaambiwa akae kwenye benchi angoje askari.

Jumapili nilimwomba memsabu ruhusa ya kwenda kanisani, nikaenda stesheni. Walikuwa wengi kwenye lile behewa la daraja la tatu, na askari mlangoni. Nilimpitishia binamu yangu blanketi na mkate dirishani. Nilikuwa nimejipanga kumwambia maneno mengi, ya kumshukuru, ya kumwomba amsalimie shangazi, lakini yeye akanitangulia kuuliza.

"Gitaa umelipata?"

"Nimelipata."

"Halina mkwaruzo?"

"Halina."

"Na kodi hawakudai?"

"Hawakudai."

"Basi wamekosa hela," akasema, akacheka, na mimi nikajaribu kucheka naye. Kisha akaacha. Akatazama ile mikono yake juu ya dirisha, akaniuliza polepole, "Sasa mama akiniuliza Nairobi nilikuwa nafanya kazi gani, nimwambie nini?"

Gari likaanza kuondoka. Nilitembea nalo kando mpaka mwisho wa jukwaa, naye bado ananitazama, anangoja nimjibu.