Mbuzi wa Mama Elisha na Ulimi Wangu

Sisi tuliokulia chini ya mlima wa Sekenke enzi zile hatukuhitaji kuambiwa mara mbili kwamba Mungu hatukanwi. Aliyekufuru ulimi wake ungekauka kama nyama ya kuanika, au radi ingemfuata hata uvunguni mwa kitanda. Ndiyo maana mawingu yakinguruma tulifunika kioo kwa khanga, tukavua chochote chekundu, tukatulia tuli. Watoto wa leo radi ikipiga wanachomoa chaja, basi.

Nilikuwa darasa la nne mwaka ambao mvua ilikataa kabisa. Mtama uliishia magotini ukasinyaa, na mboga ya mlenda tuliila bila karanga. Kidumu cha maji cha kupeleka shuleni tulikijaza kwa kukwangua kisima, kata moja moja. Wazee wakakubaliana tuombe pamoja, Wakristo na Waislamu, kwenye uwanja wa shule.

Tulisimamishwa juani tangu asubuhi. Katekista akaomba, Shehe akaomba, Katekista akakumbuka alichosahau akaomba tena. Mimi na rafiki yangu Zuhura nyayo zilikuwa zinaungua, maana viatu vyetu sisi vilikuwa vya Krismasi na Idi tu. Nikamnong'oneza, "Huyu Mungu naye ni kiziwi. Angekuwa darasani kwetu angeshachapwa."

Shida ni kwamba kunong'ona sikukujua, na Shehe ndiyo kwanza alikuwa amenyamaza kuvuta pumzi. Uwanja mzima ulisikia. Jirani yetu Mama Elisha akashika kichwa: "Mtoto amekufuru! Jamani, tumekwisha!"

Kuanzia siku hiyo nikawa sababu ya kila kitu. Timu ya kijiji ikafungwa, ni mimi. Jembe la mtu likavunjika mpini, ni mimi. Mbuzi wa Mama Elisha akafa, hapo ndipo nilipokwisha. Kisimani wanawake walianza kuniambia nisubiri wengine wachote kwanza, nisije nikakausha hata hayo matope. Zuhura akakatazwa kucheza rede na mimi. Kila asubuhi nilikuwa natoa ulimi mbele ya kipande cha kioo niuangalie kama umeanza kukauka. Siku moja niliuona mweusi nikapiga yowe, kumbe nilikuwa nimekula zambarau.

Mwishowe Mama Elisha akawaleta Katekista na Shehe nyumbani kwa bibi yangu aliyekuwa akinilea. Niliwaamkia shikamoo.

"Huyu ni kondoo wako, Katekista," Shehe alianza.

"Lakini alikufuru kwenye zamu yako," Katekista akajibu.

Wakatazamana. Shehe akakohoa, kisha akasema, "Mama Elisha, Mungu hapungukiwi na chochote kwa maneno ya mtoto. Hajaumia."

"Na mbuzi wangu je?"

"Mbuzi wako alikula mfuko wa nailoni nyuma ya duka. Nilimwona kwa macho yangu, nikamfukuza, akaondoka nao mdomoni."

Nikaanza kupumua. Katekista akanigeukia: "Hata hivyo utaomba msamaha kwa aliyeumia."

"Nani sasa aliyeumia?" nikauliza, maana niliona mbuzi ameshapata maelezo yake.

Ndipo bibi, ambaye muda wote alikuwa akichambua mlenda bila kuinua uso, akasema, "Mimi. Siku ile nilikuwa nimefunga siku ya tatu. Nilikuwa nimemwambia Mungu, hata wengine wasipopata, huyu mjukuu wangu asilale njaa. Halafu nikakusikia unamcheka."

Fimbo nilizizoea. Hili sikulizoea. Nililia mpaka Shehe akaanza kunibembeleza, na Katekista akatafuta kofia yake aondoke. Nilimpigia bibi magoti nikamwomba msamaha. Akanivuta akanifuta kamasi kwa khanga yake, akaniambia nikalete kuni.

Mvua ilinyesha wiki mbili baadaye, siku ambayo hakuna aliyekuwa anaomba. Mama Elisha akatangaza kijiji kizima kuwa imeletwa na toba yangu. Mwaka uliofuata, kabla hata ya msimu, alikuja kwa bibi akiwa na asali kwenye kibuyu: "Mama, huyu mtoto hawezi kuomba msamaha mapema safari hii?"

Siku hizi mambo yamekuwa mepesi. Juzi mpwa wangu aliyeko Singida mjini aliandika kwenye kundi la ukoo utani juu ya Mungu ambao siwezi kuurudia hapa. Nilisubiri mtu amkemee. Nikahesabu vidole gumba vya kumpongeza, vilikuwa kumi na saba, kimoja cha kaka yangu ambaye ni mzee wa kanisa. Nikampigia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Baba, yale maneno yameniumiza."

"Pole shangazi, nilikuwa natania tu. Bando linaisha, nitakupigia."

Hakupiga. Mtoto mzuri yule, hana ubaya, wala radi haikumpata. Ila nilikaa na simu mkononi nikimfikiria bibi, aliyefunga siku tatu kwa ajili ya tumbo langu. Sisi kila mtu kijijini alituogopesha, lakini yupo mtu tuliyeogopa kumliza. Huyu mwanangu sijui anaogopa kumliza nani.