Siri Ambayo Fundi Samaki Alimfichia Mama Mkwe

Fundi Samaki amepiga goti sebuleni mwa watu, mkono umezama mpaka kwapani ndani ya tangi la kioo. Anapapasa chini ya changarawe. Samaki wanamzunguka vidole bila woga, kwa maana wanamjua.

Anatoa bonge la chakula kilichooza. "Watu wanawapenda samaki wao mpaka wanawaua," anasema. "Wanawalisha kama wageni wa harusi."

Nyuma yake amesimama mama mmoja wa makamo, kitambaa kiunoni, ndoo mkononi. Huyo ni mama mkwe wake. Ndiyo, mkwe na mkwe wanafanya kazi pamoja, na majirani wameshasema mpaka wamechoka.

Zamani ndoo hiyo ilishikwa na mkewe. Kwa miaka mingi wawili hao walizunguka nyumba za watu wakisafisha matangi ya samaki wa mapambo. Jina la ufundi alipewa mume, lakini fundi hasa, anakiri, alikuwa mke, ambaye alinusa maji tu akajua samaki gani anaumwa. Watu walipowatania kwa kuwauliza kama wanao pia samaki wa kukaanga, mke alijibu kwamba wa kukaanga kila mtu aoshe wa kwake.

Mwaka jana mke aliugua, na ugonjwa haukukawia. Akaondoka.

Nyumbani aliacha tangi lake mwenyewe, na samaki tisa aliowalea tangu wakiwa wadogo kama punje za mchele. Mmoja alimwita Bwana Mkubwa, kwa sababu hakukubali mwenzake atangulie kula.

Wakati wa msiba nyumba ilijaa watu. Mama mkwe alikuwa amemzika binti yake wa pekee, na kukaa chini hakuweza. Mikono ilitaka kazi. Alifagia, akafua mapazia, kisha akaliona tangi. Maji yamepiga umanjano, kioo kina utando wa kijani, sponji ya chujio imekuwa nyeusi tii. Akaona aibu: waombolezaji watasema mwanawe aliishi kwenye uchafu.

Basi akamwaga maji yote. Akaosha changarawe kwa sabuni, akaikamua sponji chini ya bomba mpaka ikatoa maji meupe, akajaza tangi upya. Likang'aa kama kioo cha dukani. Hazikupita siku nyingi, samaki wote tisa wakaelea juu, Bwana Mkubwa akiwa wa mwisho.

Mtu wa kazi hii angejua mara moja kilichotokea. Weusi ule wa sponji si uchafu wa kutupwa. Humo ndimo wanamoishi vijidudu wasioonekana kwa macho, ambao kazi yao ni kula sumu inayotoka kwenye kinyesi cha samaki. Dawa inayotiwa kwenye maji ya bomba huwaua. Ndiyo maana sponji husuuzwa kwa maji yaliyotolewa ndani ya tangi lenyewe, na maji ya zamani hayamwagwi yote hata siku moja.

Fundi Samaki alijua. Lakini mama alikuwa amesimama mbele yake, mikono imelowa, akiuliza samaki wamepatwa na nini.

"Nikamwambia wamemfuata mwenyewe," anasema. "Ningesemaje? Ametoka kumzika mwanawe, nimwongezee na samaki?"

Uongo ule ukawa dawa. Kila aliyekuja kutoa pole, mama alimsimulia kwamba binti yake alipendwa, hata samaki walikataa kubaki. Alilia, lakini alilia akipata nafuu. Kwake hakukuwa na mtu tena, akabaki kwa mkwewe.

Kisha mgongo wa Fundi Samaki ukaharibika. Daktari akamkataza kubeba mizigo, na kati ya nyumba kumi na tisa alizohudumia zikabaki sita. Mama akasema atabeba yeye. Mkwe akakataa miezi kadhaa, akisingizia heshima. Ukweli ni kwamba aliliogopa somo la kwanza la kazi hii, yaani sponji. Alipozidiwa akakubali, ila sponji aliisafisha mwenyewe uani, amewapa watu mgongo. Lakini za mwizi ni arobaini.

Leo anataka kuinuka, mgongo unakataa. Amebaki pale pale kwenye goti, jasho linamtoka. Mama anamhurumia. Anaiokota sponji, anaingia nayo jikoni, na bomba linasikika likifunguliwa.

Samaki wa watu wamo tangini. Fundi Samaki anafumba macho.

"Mama, si kwa bomba."

Anauliza kwa nini. Inabidi amweleze, na anaeleza akiwa ameinamia sakafu, neno moja moja. Bomba linaendelea kumwaga maji. Kisha linafungwa.

"Kwa hiyo wale hawakumfuata," anasema mama.

Mkwe anajaribu tena kuinuka, mgongo unakataa.

"Ni mimi niliyewaua."

"Ulikuwa unamsafishia mwanao nyumba, mama."

Mama anarudi sebuleni, anachuchumaa kando ya ndoo yenye maji ya tangi. Anauliza kama ndiyo hayo. Anaambiwa ndiyo, na asikamue kwa nguvu. Anaiminya sponji taratibu, machozi yakimdondoka bila sauti.

"Mwaka mzima ulinyamaza, baba. Bora ungenifokea."

Kazi inamalizika. Njiani mama anatangulia na ndoo zote mbili, hataki kupokewa. Nyumbani anapita kando ya lile tangi la binti yake, ambalo sasa limekauka, anaingia chumbani kwake na kurudishia mlango.

Fundi Samaki anakaa kwenye kibaraza, anajinyoosha mgongo. Ana mpango wa kulijaza tangi tena. Litakaa na maji matupu kwa wiki kadhaa mpaka vijidudu warudi, ndipo samaki waingie. Alitaka mama awachague yeye. Anapoulizwa kama bado anataka hivyo, anautazama ule mlango.

"Samaki wapo tu madukani," anasema. "Mimi naomba kesho asubuhi nimkute jikoni."