Nilimkwapulia baba mkwe begi la kartushi mbele ya lori zima kwa sababu sikuweza kumwambia neno moja

Wakuu, heshima kwenu wote, mlio kazini na mnaojifanya mko kazini.

Hii sikusimuliwa na rafiki wa rafiki. Imenikuta mimi, hapa Kalemie, ng'ambo ya ziwa kutoka Kigoma, na mpaka naandika bado sijaielewa vizuri. Naiweka kama ilivyokuwa, nyinyi mtanisaidia kuipanga.

Mods, kabla hamjashika panga: ndiyo, ni uzi wa kujaza risasi nyumbani. Lakini mzee bunduki yake ina karatasi zote, na vipimo vya baruti siviweki hapa hata mkinibembeleza PM. Humu kuna watu wanaunguza chai, siwezi kuwapa baruti.

Mimi ni fundi simu, kibanda changu kiko karibu na stesheni ya treni. Baba mkwe wangu, Papa Ngoy, ni mstaafu wa karakana ya reli. Mtu wa maneno machache. Akikusalimia mara mbili kwa wiki ujue anakupenda.

Ana bunduki ya zamani ya marisau, zile chembe ndogo ndogo za risasi zinazotoka kwa wingi. Kartushi mpya, yaani risasi kamili kwenye ganda lake, hapa ni shida kupata, na ukizipata bei inakutoa machozi. Kwa hiyo mzee huokota maganda yaliyokwisha kupigwa, anayajaza upya mwenyewe. Amefanya hivyo tangu mke wangu akiwa mtoto, na hajawahi kupata ajali.

Msaidizi wake alikuwa shemeji yangu. Shemeji akapata kazi Kabalo, akaondoka.

Hapo mzee akaniita mimi.

Sasa wakuu, kwa wasiojua mambo ya huku. Kwetu ukwe tunauita buko, na buko si mchezo. Baba mkwe humkodolei macho. Humbishii. Mkikaa chumba kimoja, unakaa kiubavu, uso umeelekea ukutani kidogo, kama mtu anayesubiri sindano. Akisema mvua inanyesha na jua linawaka, wewe unatafuta mwavuli.

Kwa hiyo kuitwa nikae naye meza moja nilifurahi na kuogopa kwa pamoja. Mke wangu alinipigia pasi shati. Shati la kwenda kujaza risasi!

Nilipofika nikakuta meza imepangwa kama ya daktari. Kuna gogo la mbao lenye matundu, maganda yamesimamishwa humo kwa mstari. Kuna msumari butu wa kutolea fataki iliyokwisha kupigwa, ile ya kitako inayogongwa ndiyo baruti iwake. Kuna kijiko cha kupimia baruti alichokitengeneza mwenyewe kwa ganda lililokatwa na kushikizwa waya. Kuna bomba la chuma la kukatia vizibo vya kadibodi. Na ukingoni mwa meza kamebanwa kamashine ka mkono kama kale ka kusagia nyama, unazungusha na mdomo wa kartushi unajikunja ndani.

Kazi inakwenda kwa zamu. Fataki kwanza. Halafu baruti, kijiko kimoja kila ganda. Halafu kizibo. Halafu marisau. Mwisho unakunja mdomo, basi, ukishakunja hakuna anayeona kilichomo.

Mimi kazi yangu ilikuwa kuzungusha kamashine.

Nikakaa kiubavu kama adabu inavyotaka. Maana yake ni kwamba yale maganda nilikuwa nayaona kwa pembe ya jicho tu. Lishikeni hilo.

Mzee alikuwa anakwenda na kijiko, ganda baada ya ganda, polepole. Macho yake siku hizi yana ukungu, lakini nani atamwambia? Katikati ya mstari mama mkwe akapiga kelele uani, mbuzi kaingia kwenye mihogo iliyoanikwa. Mzee akageuka, mkono uko hewani na kijiko kimejaa, akafoka kitu kuhusu yule mbuzi, akarudi, akamimina.

Na mimi nikaona kama amemimina kwenye ganda ambalo tayari lilikuwa na baruti.

Nasema "kama". Niliona kama niliona.

Mzee akasimama kidogo. Akasema, "Eee." Akaniangalia.

Nikainamisha kichwa. Ndivyo tulivyofundishwa.

Akaendelea. Akaweka vizibo, akamimina marisau, akaanza kunipa moja moja. Nikazikunja zote kwa mkono wangu huu, na kila moja nilikuwa najiuliza, ni hii? Zote zinafanana. Akazitia kwenye kopo la maziwa, akafunga kitambaa.

Kartushi yenye baruti mara mbili, wakuu, inaweza kupasua mtutu. Na mtutu unapopasuka, uso wa mpigaji uko hapo hapo karibu. Na mpigaji alikuwa yeye, maana mdogo wake anayefuga ng'ombe kule Pepa alikuwa amelia kwamba nguruwe pori wanamaliza viazi vyake, na mzee alikuwa anapanda lori wiki ile ile.

Nikarudi nyumbani, nikamweleza mke wangu.

"Uliona ao haukuona?" akauliza.

"Niliona kama niliona."

"Sasa hiyo njo kuona gani?" Njo ya huku ni ndiyo yenu.

Nikamwambia basi nenda wewe ukamwambie, ni baba yako. Akanitazama kama nimemwomba aende sokoni bila viatu. "Nikamwambie nini? Papa, bwana yangu anasema umezeeka, haujui tena kazi yako?"

Hakuwa na makosa. Neno hilo likitoka kwake ni sawa na limetoka kwangu.

Kwa mambo kama haya tuna mtu wake. Mshenga. Wangu ni Papa Saidi, mzee wa familia ya Kiislamu ya wafanyabiashara wa ziwani, ndiye aliyenipelekea posa. Yeye peke yake anaweza kubeba neno zito kulipeleka ukweni. Nikampigia. Yuko Kigoma, kafuata bidhaa!

Akanisikiliza, akasema, "Mukwe hasemi 'umekosa'. Tuma kuku. Kuku akifika bila sababu, mukubwa atajua nyuma yake kuna neno. Atakuita. Na akikubana, usiseme mimi niliona. Sema wamesema."

Nikatuma kuku. Kuku wangu mwekundu, wakuu, anayetaga.

Mke wangu akarudi jioni. "Papa amesema aksanti sana. Kuku imekuwa ya safari. Mama ameshaichinja."

Nilikaa pale sijui nicheke au nilie. Neno langu limepikwa, limeliwa na ndizi.

Siku ya safari nikaenda kwenye malori. Nilikuwa nimejiambia njiani, leo nasema, liwalo na liwe. Lori limejaa chumvi na sabuni na mafuta, abiria wako juu ya mizigo, mzee kapewa nafasi ndani karibu na dereva. Begi lake la turubai liko mapajani. Kopo liko ndani ya begi.

"Mukwe, umekuya kuniaga?"

"Ndiyo, Papa."

"Muzuri."

Nikatafuta pa kuanzia, nikaona uso wake tu, ule uso wa mtu ambaye amevaa kofia mpya kwa ajili ya safari. Nikawaza ule uso baada ya mtutu kupasuka. Dereva akawasha gari.

Sijui niwaelezeje kilichofuata. Nilinyoosha mkono, nikachukua begi mapajani mwa baba mkwe wangu, nikaondoka nalo.

Kwanza nilitembea. Halafu nikasikia utingo anapiga kelele, "Mwizi! Mumushike!" na miguu ikaamua yenyewe kukimbia.

Mnajua mwizi sokoni anafanywaje. Jamaa wa pikipiki akanikatia mbele, mwingine keshashika shati langu, lile lile lililopigwa pasi. Nikaona naondoka duniani mimi kabla ya mzee.

Ndipo nikasikia sauti ambayo sijawahi kuisikia ikipanda namna ile. "Mumuache! Hapana mwizi! Njo mukwe wangu!"

Mama mmoja muuza samaki akauliza kwa sauti kubwa, "Sasa mukwe anakimbia na begi ya baba-mukwe, njo namna gani?"

Swali zuri.

Lori likamwacha mzee. Alinifuata nyuma, na mimi mbele na begi, tukavuka mtaa mzima hivyo hivyo mpaka kwake. Nilikuwa na aibu ya kutosha ukoo mzima.

Akafunga mlango. Akaweka kopo juu ya meza.

"Sema."

"Papa... wamesema..."

"Nani wamesema? Humu ndani tulikuwa wawili."

Papa Saidi na hekima zake! Hapo nikakosa pa kutokea, nikalitema lote. Kwamba niliona kama aliweka baruti mara mbili kwenye kartushi moja, siku ya mbuzi, na kwamba sina hakika.

Mzee akavuta kiti, akakaa.

"Na miye niliona kama nilitia mara mbili," akasema. "Sikuwa hakika. Njo maana nilikuangalia. Uko na macho ya kufungua simu. Nikasema, kama nimekosa, huyu atasema. Ukainamisha kichwa. Nikasema basi, iko muzuri."

Wakuu, yeye aliniuliza kwa macho, mimi nikamjibu kwa adabu. Na lile jibu langu ndilo alilokuwa anapanda nalo kwenda Pepa.

Tukazifungua zote. Alikuwa anafungua mdomo wa kila kartushi taratibu, anamimina vilivyomo kwenye kipande cha gazeti, kila moja na kipande chake, anapima tena baruti na kile kijiko. Safari hii aliniambia nigeuze kiti, nitazame mbele. Sijawahi kumtazama mikono kwa karibu hivyo.

Ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Tukaenda hivyo mpaka mwisho wa kopo.

Hakuna hata moja iliyokuwa na baruti mara mbili.

Nilitaka ardhi inimeze. Nimemwibia mzee begi, nimemwachisha lori, nimeitiwa mwizi, kuku kaliwa, kwa kitu ambacho hakipo!

Lakini mzee alikuwa ameganda. Akanionyesha kipande kimoja cha gazeti. Kina marisau, kina kizibo, baruti hakuna hata chembe.

Ndiyo kusema aliporudi kutoka kwa yule mbuzi hakurudia ganda. Aliruka moja. Sote wawili tuliona kitu, na sote wawili tulikiona vibaya.

Nikasema, ah, kumbe afadhali, tupu haina madhara.

Akatikisa kichwa. Akanieleza. Fataki peke yake ina nguvu kidogo, inasukuma kizibo na marisau mpaka katikati ya mtutu, vinakwama humo. Unasikia mlio mdogo, unadhani risasi mbovu, una nguruwe mbele yako, unatia nyingine haraka, unafyatua. Hiyo ya pili inakuta njia imezibwa.

"Njo ile inapasua," akasema.

Kwa hiyo niliogopa kitu ambacho hakikuwepo, na kile ambacho sikukiogopa ndicho kingemuua. Nilikuwa sahihi au nilikosea? Nimelizungusha swali hili kichwani mpaka nimechoka. Mke wangu anasema nilikuwa sahihi kwa bahati. Papa Saidi anasema ni kuku ndiye aliyefanya kazi. Huyo alirudi kutoka Kigoma, akanipigia akadai sehemu yake ya nyama kwa ajili ya ushauri. Nikamwambia nyama iliyoletwa ni ya nguruwe, akakata simu.

Maana mzee alikwenda Pepa baadaye, kwa lori lingine, na kartushi tulizozijaza upya mimi nikiwa nimekaa uso mbele. Akarudi salama, ana bega la nguruwe na hadithi fupi sana.

Nilichojifunza, wakuu. Adabu ni nzuri, watoto wangu nitawafundisha. Lakini kuna meza ambazo ukizikalia kiubavu unamuua unayemheshimu. Na mtu mzima akikuangalia katikati ya kazi, huenda hakukagui. Huenda anaomba msaada na hajui namna ya kuomba, kama vile wewe hujui namna ya kusema.

Sasa mzee ana sheria mpya. Kila akimimina anauliza kwa sauti, "Nimetia?" na mimi lazima nijibu kwa mdomo. Kuitikia kwa kichwa hakukubaliki, nisipojibu mkono wake hausogei. "Nimetia?" "Umetia, Papa." "Nimetia?" "Umetia, Papa." Mnaweza kudhani tunasali.

Jumamosi iliyopita tulikuwa mezani. Mama mkwe alikuwa anapita na ungo wa mihogo. Mzee akapeleka kijiko, kikagonga ukingo wa ganda, baruti ikamwagikia mezani, yeye hakuona.

"Nimetia?"

Nikahisi shingo inataka kuinama yenyewe.

"Hapana, Papa."

Mama mkwe akasimama na ungo wake. Mimi nilikuwa natazama kijiko. Mzee akapapasa meza kwa kidole, akaikuta ile baruti, akaikusanya pembeni. Akachota upya. Akamimina polepole.

"Na sasa?"

"Umetia, Papa."

"Aksanti, mutoto yangu," akasema, akasogea kwenye ganda linalofuata.

Miaka yote aliniita mukwe. Sijamuuliza kama aliteleza ulimi au alikusudia, na mke wangu hataki niulize. Nyinyi mnaoishi na wakwe, mnasemaje? Uwanja ni wenu, hata wa kunicheka mje.