Moshi wa Beseni Jekundu

Wajukuu wangu husema mimi ni mkorofi, na sikatai. Nyumbani kwangu uji wa moto hauingii kwenye chombo cha plastiki, kiporo hakifunikwi kwa karatasi ya nailoni, na atakayewasha jiko kwa kipande cha mtungi wa plastiki atakula nje. Wananicheka. Hawakumjua mdogo wangu wa kike alipokuwa mtoto.

Alikuwa na kifua kibaya, na kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga pale Nakuru kila mtu alijua wa kulaumiwa: ziwa. Kiangazi kilipokolea, maji yalirudi nyuma, na upepo ukazoa vumbi jeupe la magadi na kulimwaga juu ya nguo, juu ya mboga, ndani ya pua zetu. Mama alilitukana lile ziwa kama anavyotukanwa jirani mbaya. Mimi nilimwangalia mdogo wangu akiinua mabega kuitafuta pumzi, nikasikia ile filimbi nyembamba ndani ya kifua chake, na niliogopa sana. Nilikuwa na hakika kwamba siku moja filimbi hiyo ingenyamaza.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, plastiki ilipotuingilia kwa mbwembwe. Duka la Mhindi pale kona lilianika nje mabeseni mekundu na mitungi ya njano, vitu vyepesi ambavyo havikushika kutu. Mama aliyatupa mabeseni ya bati bila huruma. Kasoro ya plastiki ilikuwa moja, kwamba jua liliipasua. Lakini hata ikipasuka haikutupwa. Wanawake wa ploti waliikata vipande kwa kisu, wakavihifadhi kwenye kopo karibu na mlango, na jioni kila mmoja alitia kipande chini ya makaa na kukipiga kiberiti. Kilishika moto papo hapo. Kilidondosha matone yanayowaka, kikatoa moshi mweusi wenye nyuzi za masizi zilizopaa na kutua vichwani mwetu, nasi tukazikimbiza. Niseme ukweli, harufu ile tuliipenda. Ilimaanisha chakula kinakuja.

Mdogo wangu alipobanwa, mama alimfukiza. Alichemsha majani ya mkaratusi kwenye sufuria, akaliingiza jiko chumbani, akamketisha mtoto mbele yake na kumfunika gubigubi kwa blanketi, jiko likiwa humo humo ili mvuke usipoe. Makaa yakiwa mabichi, na msimu wa mvua yalikuwa mabichi siku zote, aliinua pembe ya blanketi na kuchochea kwa kipande kingine cha plastiki. "Vuta, mama, vuta ndani kabisa," alimbembeleza. Mtoto alivuta. Kesho yake alikuwa na hali mbaya zaidi, kwa hiyo alifukizwa tena.

Shangazi yetu, dada yake baba, alikuja kututembelea kutoka kijijini Kabazi. Yeye aliwasha moto kwa magunzi ya mahindi na maganda ya mti wa muwati, akipuliza mpaka machozi yanamtoka. Alipomwona mama akiwasha jiko kwa kiberiti kimoja, alipiga makofi.

"Ai! Na mimi napuliza moto miaka hii yote kama mjinga!"

Mama alicheka kwa fahari. Mbele ya wifi yake, mke hapati sifa kila siku.

Shangazi alikuwa amesharudi kwake siku mdogo wangu aliposhindwa hata kuketi. Mama alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliingia naye chini ya blanketi, akampakata. Nikaona blanketi linatikisika. Kisha likarushwa kando na mama akatoka akikohoa, macho mekundu, kamasi zinamtoka, mtoto akiwa amelegea mkononi. Alilipiga jiko teke, makaa yakatawanyika mpaka nje uani. Alichukua lile kopo la vipande akaenda kulitupa chooni.

Tangu siku hiyo tuliwasha kwa karatasi na vijiti, na mama alipita mlango kwa mlango kuwasihi majirani. Walimwona anaringa.

"Sasa wewe ndio daktari? Si ni vumbi ya ziwa tu!"

Moshi wao uliendelea kuingia kwetu kila jioni. Hapo mama akaamua kumpeleka mtoto Kabazi, kwenye hewa safi. Hatukwenda mikono mitupu. Alimbebea shangazi sukari, majani ya chai, na beseni jekundu jipya, kubwa, zawadi ya kumshukuru. Shangazi alipouliza ni nini hasa kilichomsumbua mtoto, mama alitazama chini.

"Ni hiyo vumbi ya ziwa," alijibu.

Nilimwelewa hata kwa umri wangu ule. Angewezaje kumwambia dada wa mumewe kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akimvutisha mtoto moshi? Habari ingezunguka ukoo mzima kabla ya jua kutua.

Tulimwacha kwa shangazi, na Kabazi ilimfaa. Kila aliyetoka huko alituambia mtoto ananenepa, anakimbia na mbuzi, filimbi imekwisha. Mama alianza kuimba tena akifua. Krismasi ilipofika tukapanda kwenda kumwona, na njia nzima mama alikuwa anazungumza juu ya gauni alilomshonea.

Shangazi alitupokea kwa vigelegele, akatuketisha sebuleni. "Chai inakuja saa hii. Siku hizi sisi pia tunawasha kama watu wa taun huko Nakuru!" Alicheka. "Ile beseni yenu ilipasuka na jua, lakini hatukuitupa. Na fundi wa kuwasha ni huyu mtoto wenu. Kila asubuhi, kila jioni, hataki mtu mwingine aguse kiberiti."

Harufu ilitufikia kabla hajamaliza kusema. Nikamwona mama anaishika meza.

Mdogo wangu alitoka jikoni na trei ya vikombe, amejaa tabasamu, nyuzi nyeusi za masizi zimetua kwenye nywele zake. Mabega yake yalikuwa juu. Aliponikaribia nikaisikia filimbi.

"Kikohozi kimemrudia kidogo tangu wiki juzi," shangazi alisema, akimpangusa uso kwa kanga. "Naona ile vumbi ya ziwa yenu ilimfuata mpaka huku. Nilikuwa nataka kuuliza, mama, nyinyi mlikuwa mnamfukiza na nini?"

Mama alikuwa na kikombe mkononi. Alikitazama, akamtazama mtoto, akakiweka mezani, akainuka kuelekea jikoni.