Parachuti Aliyosingiziwa Shangazi

Shangazi yangu aliacha cherehani akawa mkunja parachuti kwenye klabu ya warukaji. Miaka kumi na minne amesimama kwenye meza ndefu ya karakana, akilaza kitambaa na kuzipanga kamba moja moja. Hana mchezo na kazi yake.

Jumamosi moja mwalimu wa kuruka alitua vibaya, akateguka kifundo cha mguu. Badala ya kujiuliza, akatangaza mbele ya wanafunzi: "Mama huyu kazeeka. Amekunja ovyo."

Siku tatu baadaye, nikiwa nimemsindikiza shangazi kazini, mkuu wa klabu, mtu asiyependa makelele, akamwambia shangazi apumzike nyumbani moja kwa moja. Shangazi akanyoosha kidole ukutani, kwenye kanuni za klabu: mkunjaji aweza kutakiwa aruke na parachuti aliyoikunja mwenyewe.

"Basi nitakeni. Nipeni ileile aliyotua nayo mwalimu."

"Mama, una miaka hamsini na sita, na hujaruka siku nyingi," mkuu alisema.

"Na vifundo vyangu vyote vizima."

Akaikunja mbele ya macho yao kama anavyokunja siku zote, akapanda ndege, akaruka. Parachuti ilifunguka vizuri, kama ilivyomfungukia mwalimu. Kazi ilikuwa kutua. Karibu na ardhi mrukaji huvuta vishikio viwili kwa pamoja ili kupunguza mwendo. Ukivuta mapema, parachuti inaishiwa nguvu ungali juu, na unaanguka kama gunia.

Alipokuwa bado usawa wa paa la ghorofa, mwalimu, akiegemea gongo, akapiga kelele: "Vuta! Vuta sasa!"

Shangazi akauchuna. Nyayo zilipokaribia majani ndipo akavuta vishikio vyote hadi kiunoni. Akatembea hatua tatu, akasimama wima.

"Mwalimu," alisema akivua kofia ngumu, "hapo uliponiambia nivute, ndipo ulipovuta wewe Jumamosi?"

Mwalimu akaitazama bandeji yake. Wanafunzi wakatazamana. Mkuu akakohoa, akasema yaishe, mama arudi kazini.

"Yataisha mwalimu akisema nani alikosea, mbele ya haohao aliowaambia," shangazi alisema.

Mwalimu akanong'ona, "Nilivuta mapema."

"Sijasikia."

Akasema tena, kwa sauti.