Mawifi Wawili Ulingoni

Siku yangu ya kwanza kazini nilifundishwa kuanguka, basi. Mwalimu wetu wa mieleka pale Lubumbashi, mzee mfupi mwenye shingo ya ng'ombe, alinisimamisha katikati ya ulingo akaniambia, "Mama, kupiga kila mtu anajua. Mimi natafuta anayejua kuanguka." Kidevu kifuani, pumzi nje, mikono ipige mbao kabla ya mgongo. Nilirudi nyumbani siwezi hata kuinama kuwasha makaa. Mume wangu, Deo, alicheka mpaka akakaa chini. Kesho yake nikamchukua dada yake, Jozefina, twende tukaumie pamoja.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa timu ya Mawifi. Hatukujipa jina la simba wala la radi. Tulikuwa mawifi kweli, na watazamaji walijua. Nyinyi vijana mnaotazama mieleka kwenye simu hamjui ilivyokuwa. Kila eneo lilikuwa na mkubwa wake na mabingwa wake. Likasi walikuwa na wao, Kolwezi na wao, na ukienda kwa mkubwa mwingine bila kuitwa, huko utapigwa kweli. Mabingwa walipigwa picha. Timu kama yetu iliwekwa ili wao wang'are, na nasema bila aibu: hakuna bingwa wa kike kule kwetu aliyeng'ara bila kutukanyaga sisi kwanza.

Kazi ya timu ni kupokezana. Mmoja yuko ndani anapigana, mwenzake amesimama nje ya kamba na mkono ameunyoosha, haruhusiwi kuingia mpaka aguswe kiganja. Watu hudhani yule wa nje anapumzika. Wapi! Yeye ndiye anayewapandisha watu moyo. Jozefina alikuwa fundi wa hapo. Akiunyoosha mkono ule, mama mzima wa viti vya nyuma anasimama naye ananyoosha wake. Na mazoezini, kabla ya kila pigo tulipeana ishara: ukimbana mwenzako kifundo cha mkono, unamwambia niko salama, endelea. Miaka yote ile hakunivunja hata kidole.

Tulipohamia Johannesburg, mimi na Deo na watoto wetu wawili na Jozefina, tuliangukia kwa Mkurugenzi, Mkongomani mwenzetu aliyekodi kumbi za mieleka Rosettenville na Kensington, na ghorofa moja kuukuu katikati ya mji ambalo Jumapili lilikuwa kanisa. Siku za kazi tulisuka nywele, Jumamosi tulipanda ulingoni. Mkurugenzi alikuwa mtu wa maneno machache na manukato mengi. Siku moja akatuita.

"Mmezoeleka," akasema. "Watu wanataka mawifi wanaogombana. Jozefina, utamgeuka mwenzako."

"Eish, Mkurugenzi, hata jikoni kwa mama yangu hatujawahi kugombana," Jozefina akajibu.

"Ndiyo maana watalia."

Na walilia. Nilitambaa hadi kwenye kona yetu nikimnyooshea mkono. Jozefina akautazama, akauacha hewani, akashuka, akarudi na kiti akanitwanga nacho mgongoni. Ukumbi ulilipuka! Mama mmoja alimrushia kiatu. Mimi nililala kifudifudi nikiona fahari tupu, maana kelele zile zilikuwa kazi ya mikono yetu.

Sasa, sheria ya kwanza ya kazi yetu ilikuwa hii: siri ya ulingo haitoki nje. Ukiwa adui Jumamosi, ni adui hata Jumatano. Kanisani tukakaa mabenchi mbalimbali. Tukikutana kwenye robot, zile taa za barabarani, tunapeana mgongo. Kisha jioni anapitia mlango wa nyuma, tunasonga bukari, ugali wa kwetu, tunakula na Deo na watoto, tunacheka mpaka machozi. Rosettenville nzima iliamini.

Ndipo Deo akaugua, na haikuchukua muda, akatutoka. Iliniuma, na inaniuma mpaka leo.

Kwenye kilio nilikaa chini kwenye godoro la mjane, watu wamejaa hadi uani. Baba Mkubwa wa marehemu, mkuu wa ukoo wao huku Afrika Kusini, akasimama.

"Nilikuwa ukumbini siku ile," akasema. "Binti yetu Jozefina si mtu wa kupiga mtu bure. Mwanamke huyu alimfanyia ubaya mkubwa, na watoto wa ukoo wetu hawatalelewa na mtu wa namna hiyo. Watarudi kwetu Lubumbashi."

Watoto walikuwa wameniegemea huku na huku. Nikisema yalikuwa maigizo, nani atamwamini mjane anayetetea wanawe? Wa kuaminiwa alikuwa mmoja tu, naye alisimama mlangoni, na Mkurugenzi kando yake alikuwa anamtolea macho na kutikisa kichwa: usithubutu.

Jozefina akavua viatu.

"Sogezeni godoro," akasema. "Baba Mkubwa, tazama vizuri. Wifi, simama."

"Jozefina, hapa ni kilio," nikanong'ona.

"Najua. Ni kilio cha kaka yangu. Simama!"

Akaniinua begani na kitenge changu cha msiba, akanibwaga sakafuni mbele ya wazee. Pu! Wanawake wakapiga mayowe. Nikaketi, nikafunga vizuri kitambaa cha kichwa. Jozefina akaeleza yote: kidevu, pumzi, mikono, ishara ya kifundo. Akasema bukari ya nyumba hii anaila kila jioni, waulizwe watoto.

"Ni kweli," binti yangu akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Shangazi anakujaga kila siku. Anamalizaga mboga."

Baba Mkubwa akaniinamia, akanitazama mgongoni. "Na kile kiti?"

"Leteni kiti!"

Akanitwanga nacho. Binti yangu akaangua kicheko, mara ya kwanza tangu baba yake afe, kaka yake akafuata, wamama nao wakashindwa kujizuia. Mzee akakaa. "Watoto wabaki kwa mama yao," akasema. "Na nyinyi wawili, mna wazimu."

Mkurugenzi alitungoja getini. "Mmeua kazi! Nani atakuja kutazama sasa?"

"Kazi nitatafuta nyingine," Jozefina akamjibu. "Wifi ninaye huyu mmoja."

Hatukupanda ulingoni tena. Nimezeeka na saluni yangu, magoti yananguruma wakati wa baridi. Ukiuliza mabingwa wa zama zile, utatajiwa majina, na letu halimo. Inanikera, nisiwadanganye, maana tulikuwa bora kuliko wengi wao.

Mwaka jana binti yangu aliolewa. Kwa desturi yetu shangazi ndiye anayemtoa bibi harusi ndani. Jozefina akamshika mkono, akatoka naye polepole, akasimama mbele ya wakwe akauliza kwa sauti, "Mama wa mtoto huyu ni nani?"

"Ni mimi!" nikajibu, mpaka mtaa wa pili wakasikia.